Jinsi ya kuanza modeli ya pango la kuhifadhia hidrojeni

Umeme wa upepo na jua ukizidi mahitaji, unaweza kutenganisha maji na kupata hidrojeni, kisha gesi hiyo ikashindiliwa ardhini hadi itakapohitajika. Teesside, Uingereza, wamehifadhi hidrojeni ya viwandani kwenye mapango ya chumvi tangu 1972, kwa hiyo kuchimba pango si tatizo kubwa tena. Kinachosumbua ni kutabiri litakavyokuwa likijazwa na kupunguzwa kila upepo unapobadilika, wakati mapango mengi ya gesi asilia yamezoea kufuata misimu.

Modeli ya hesabu ndiyo inayotabiri hayo. Anza na karatasi na kikokotoo. Programu ifunguliwe baadaye.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya presha. Tuchukue pango la mfano la mita za ujazo 300,000, ambalo bomba lake lililozungushiwa saruji linaishia kina cha mita 1,000. Hesabu kwa kina hicho, si kwa katikati ya pango. Uzito wa miamba ya juu hapo unatoa takriban baa 220 (baa ni kipimo cha presha; moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida). Presha ya juu iwe 180, ili chumvi isipasuke wala gesi isipenye pembeni mwa saruji. Ya chini iwe 60, kwa sababu ikishuka mno kuta zitasogea ndani.

Hatua ya 2: Hesabu gesi. Kwa nyuzijoto 40 na baa 180, kanuni ya gesi kamilifu (inayochukulia kwamba molekuli haziathiriani) itakupa kama kilo 13.9 kwa mita ya ujazo. Hidrojeni halisi ni kama 12.6. Katika pango hili, tofauti hiyo ni tani 400 hivi za gesi ambayo haipo, kwa hiyo usiache kurekebisha.

Kwa baa 60 utapata kilo 4.5. Inayoweza kutoka ni tofauti ya 12.6 na 4.5, yaani 8.1 × 300,000, yaani tani 2,430. Kila kilo ina kWh 33.3, hivyo jumla ni GWh 81. Mtambo wenye ufanisi wa asilimia 40 utakupa GWh 32 za umeme: megawati 100 kwa siku 13 usiku na mchana. Tani 1,350 zinabaki chini zikishikilia kuta, na lazima zilipiwe tangu mwanzo. Ziandike kwenye bajeti mapema.

Hatua ya 3: Ongeza joto. Gesi ikitolewa haraka hupanuka na kupoa, kisha chumvi huipasha tena polepole. Tatua mlinganyo wa nishati pamoja na wa tungamo (kiasi cha gesi iliyomo), kwa vipindi vya dakika.

Hatua ya 4: Ongeza chumvi yenyewe. Hapa ndipo modeli nyingi huharibika. Chumvi iliyobanwa hutambaa, yaani hubadilika umbo polepole bila kupasuka, na kasi yake hufuata mkazo (tofauti ya nguvu zinazoikandamiza, kwa kila eneo) uliopandishwa kipeo cha 5 hivi. Mkazo ukiongezeka maradufu, kasi inakuwa mara 32. Ukizidisha mkazo kimakosa kwa asilimia 10 tu, kasi yako imepotoka kwa asilimia 60.

Kuna shida nyingine. Maabara hupima sampuli kwa mkazo mkubwa kwa wiki au miezi, ilhali pango litaishi miongo kwa mkazo mdogo, ambapo unyevu kati ya chembe huyeyusha na kuhamisha chumvi kwa njia tofauti. Kipeo hushuka, na chumvi hutambaa haraka kuliko ulivyotarajia. Mimi huendesha modeli mara mbili, kwa kanuni zote mbili (ya kipeo cha 5 na ya kipeo kidogo), na kumwonyesha mteja matokeo yote.

Hatua ya 5: Usisahau vijidudu. Lobodice, Czechia, gesi ya mjini (gesi ya kutengenezwa iliyosambazwa mijini) yenye hidrojeni iliwekwa kwenye mwamba wenye vinyweleo. Baada ya miezi michache methani ilikuwa imepanda kutoka asilimia 22 hadi 40 hivi, kazi ya vijidudu. Kwenye pango la chumvi, angalia maji ya chumvi yaliyobaki sakafuni, maana vijidudu vinaweza kuishi humo.

Hatua ya 6: Linganisha na vipimo. Omba picha za sona (kifaa kinachopima umbo kwa mwangwi wa sauti) za pango la jirani, za miaka tofauti, uone ujazo umepungua kiasi gani. Rekebisha hatua ya 4 kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine.