Kuchagua kulanti ya gari hapa Goma

Kwa kuwa hapa hakuna barafu, wenye magari wengi huona kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, ni ya nchi za baridi, wakajaza rejeta maji ya bomba. Lakini Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Mfuniko wa rejeta ukipoteza presha, mlima mmoja watosha kuyachemsha. Kulanti huongeza nyuzi kadhaa kabla ya kuchemka, tena huzuia kutu na kuliwa kwa alumini ya silindahedi.

Hatua ya 1: Jua gari lako linataka nini

Soma kitabu cha gari. Kikiwa cha Kijapani, kipige picha kwa simu uitafsiri. Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea hutumia kulanti ya pinki, Super Long Life. Nyingi za zamani zaidi hutumia nyekundu, Long Life. Zote mbili zina fosfeti na hazina silikati (zote ni kemikali za kuzuia kutu). Volkswagen na Mercedes zina masharti yao, tofauti na hayo.

Hatua ya 2: Soma bidoni, usinunue rangi

Rangi ni tinti tu. Kila kiwanda huweka kinayoitaka. Tafuta alama ya JIS K 2234 (kiwango cha ubora cha Japani) au ASTM D3306 (cha Marekani), pamoja na maelezo kwamba ni ya magari ya Asia, kama lako ni la huko. Bidoni isiyo na maelezo yoyote iache dukani, hata ikiwa bei nafuu.

Kisha angalia kama imeshachanganywa. Iliyoandikwa «prêt à l'emploi» au 50/50 humiminwa hivyo hivyo. Ile «concentré» huchanganywa nusu kwa nusu na maji. Na usichanganye aina mbili ndani ya rejeta moja.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo magari mengi ya Goma yanapoharibikia. Maji ya Ziwa Kivu yana magnesi na bikaboneti nyingi, na bomba zetu nyingi huchota humo. Yakipashwa moto huacha ukoko kwenye mirija ya rejeta. Kwa kulanti ya Kiasia ni vibaya zaidi, maana fosfeti yake hushikana na madini hayo ikawa matope. Unanunua kulanti nzuri, kisha unaiua mwenyewe kwa ndoo ya maji.

Maji ya mvua nayo siyashauri. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi zinazofanya mvua iwe na asidi, hasa upepo ukiuelekeza kwako. Nunua maji yaliyotoneshwa, «eau distillée», yanayouzwa kwa ajili ya betri. Kagua chupa vizuri: asidi ya betri huuzwa pembeni yake, na ikiingia kwenye injini ni hasara kubwa.

Hatua ya 4: Safisha, kisha jaza

Injini ipoe kabisa kabla ya kugusa mfuniko. Mvuke wake huunguza uso. Fungua koki ya chini ya rejeta, mwaga yote kwenye beseni. Jaza maji yaliyotoneshwa, weka swichi ya hita ya gari kwenye joto la juu, washa injini mpaka mpira wa juu wa rejeta upate joto. Zima, acha ipoe, mwaga. Rudia hadi yatoke meupe.

Maji mengine hubaki ndani ya bloku ya injini, kwa hiyo ukitumia «concentré» tia kwanza kiasi cha nusu ya ujazo wote ulioandikwa kitabuni, ndipo ujazie maji. Mimina polepole, hita ikiwa bado kwenye joto la juu, injini ikinguruma taratibu hadi mapovu yaishe. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia kiwango kwenye chupa ya akiba.

Kulanti ya zamani ni sumu, na utamu wake huvuta watoto na mbwa. Usiimwage juu ya mawe ya lava, kwani hupenya moja kwa moja ardhini. Itie kwenye bidoni, uifunge na kuiandika.

Nyekundu ya Toyota hubadilishwa kila kilomita 40,000 au miaka 2. Pinki, baada ya ile ya kiwandani, kila kilomita 80,000 au miaka 5. Bandika karatasi kwenye chupa ya akiba yenye aina na tarehe, ili fundi atakayefuata asikuongezee maji ya ziwani.