Somo: Chagua dawa ya akili ambayo kituo chako kinaweza kuifuatilia

Habari zenu wanachama. Somo hili ni la wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya huku kwetu, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na Chemba, ila ndugu wa mgonjwa naye asome. Wengi tukishika mwongozo wa matibabu tunakimbilia jedwali la dozi, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko hapa: mgonjwa akimeza dawa hii miezi sita, nani atampima, kwa kifaa gani, wapi? Kama jibu ni "Mirembe tu", yaani hospitali ya akili ya Dodoma, uliza nauli ya kufika huko kabla hujaandika.

Hatua ya 1: Usianze na kidonge

Mtu aliyeanza kuweweseka juzi, ana joto na hajui yuko wapi, huyo si wa haloperidoli kwanza, ambayo ni dawa ya saikosisi (hali ya akili kupoteza uhalisia). Pima malaria, sukari, VVU na kaswende. Uliza kifafa, uliza kama aligonga kichwa, uliza pombe. Mnywaji wa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu. Huyo anahitaji diazepamu, thayamini (vitamini B1) na hospitali, wala si dawa ya saikosisi.

Kwa mwenye sonona kuna swali moja ambalo wengi hulisahau: kuna kipindi alikuwa halali na bado ana nguvu, anaongea bila kituo, anagawa mali? Kama kipo, fluoksetini, dawa ya sonona, ikitumika peke yake inaweza kumpeleka moja kwa moja kwenye mania (msisimko uliopita kiasi).

Hatua ya 2: Ukurasa wa kwanza wa daftari

Kabla ya kidonge cha kwanza andika uzito, kiuno, presha, mapigo ya moyo na sukari. Mwanamke apimwe ujauzito. Mtazame pia anavyotembea na vidole vyake akinyoosha mikono, uandike, maana kesho hutajua kama kutetemeka kumeletwa na dawa au alikuja nako.

Msiniambie hamna vifaa. Mizani ya kliniki ya wajawazito inatosha, na futi ya fundi cherehani inapima kiuno vizuri tu: mgonjwa asimame, atoe pumzi, futi ipite usawa wa kitovu, nguo imepandishwa. Andika hivi: "Uzito 58, kiuno 79, presha 118/74, sukari 5.1, hatetemeki." Mstari mmoja tu, lakini ukikosekana, vipimo vyote vitakavyofuata havina pa kulinganishwa.

Hatua ya 3: Chagua

Kwa saikosisi, haloperidoli huanza na miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, risperidoni 1 hadi 2, kisha unapanda taratibu. Naona watu wanaanza na dozi kubwa ili ndugu waone mgonjwa "ametulia". Amelala tu, hajapona. Haloperidoli hukaza misuli, hasa kwa vijana wa kiume. Olanzapini haikazi sana lakini huleta njaa, unene na sukari. Mwenye kisukari ambaye hana anayempima sukari, mimi simpi olanzapini hata kama ndiyo iliyojaa kabatini.

Kwa sonona, fluoksetini miligramu 20 asubuhi, na mwambie mapema kwamba nafuu huchukua wiki mbili hadi sita. Vijana wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Amitriptilini ni ya bei nafuu, lakini akizidisha kwa makusudi inaua kwa kuvuruga moyo. Mwenye mawazo ya kujiua asiondoke na vidonge vya mwezi mzima. Mpe vya wiki, tena ashike ndugu.

Valproeti (dawa ya kifafa na mania) kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba: usiandike. Kati ya watoto 100 waliokutana nayo tumboni, kama 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Anayeitumia tayari, asiache ghafla, apelekwe kwa bingwa abadilishiwe.

Kabamazepini (nayo ya kifafa na mania), vipele vikitokea wiki za mwanzo, simamisha siku hiyohiyo na mpeleke hospitali. Klozapini, dawa nyingine ya saikosisi, ni ya hospitali kubwa. Damu hupimwa kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kwa hiyo zahanati isijaribu.

Hatua ya 4: Siku za mwanzo, ambapo tunapoteza wagonjwa

Kijana amepewa haloperidoli jana. Leo jioni shingo imepinda upande mmoja, macho yamegeuka juu hayashuki, ulimi umetoka, na anasikia kila kitu. Nyumbani wanasema majini yamerudi na wanatafuta mganga. Hiyo ni misuli iliyokazwa na dawa. Sindano ya promethazini, au benzheksoli (wengi mnaiita Artane) kama anameza, na kwa kawaida hulegea ndani ya muda mfupi. Waonye ndugu siku ile ile unapotoa dawa. Wakiona kitu walichoambiwa, watakuja kwako.

Kuna na yule asiyetulia: anakaa, anainuka, anazunguka nyumba, miguu haitaki kusimama. Tunadhani ugonjwa umezidi, tunaongeza dozi, anazidi. Muulize kama wasiwasi uko kichwani au miguuni. Akisema miguuni, fikiria kupunguza dozi.

La hatari zaidi ni joto kali, mwili mgumu kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa kwa mtu anayetumia dawa hizi. Pima malaria, ndiyo, lakini usisubiri majibu. Simamisha dawa ya saikosisi, mpooze mwili, ita gari.

Hatua ya 5: Ratiba

Uzito kila wiki kwa wiki 6, kisha wiki ya 12, kisha kila anapokuja. Presha na sukari wiki ya 12, halafu angalau mara moja kwa mwaka. Aliyeanza na kilo 58 akifika 61 ndani ya mwezi mmoja, usingoje afike 70. Ongea chakula na kutembea, na mfikirie kubadilishiwa dawa mapema.

Maswali ya wanachama

*Muuguzi, Kongwa:* Mgonjwa wetu wa lithiamu (dawa ya kuzuia mania) analima kutwa, mgongo ukiuma ananunua diklofenaki duka la dawa. Kuna shida?

Kubwa, dada. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia figo kutoa lithiamu, na jua la Oktoba huku likimkausha maji hali huwa mbaya zaidi. Atumie parasetamoli, anywe maji, asiache chumvi ghafla. Mwandikie hilo kwenye daftari ili muuza dawa alione. Baadhi ya dawa za presha, kama hidroklorothiazidi na enalaprili, nazo hupandisha lithiamu. Damu ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho: ameza saa 2 usiku, pima saa 2 asubuhi kabla ya dozi nyingine. Kiwango kinachotafutwa kwa kawaida ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita. Akitapika, akiharisha, akiyumba au ulimi ukiwa mzito, asimamishe na aende hospitali.

*Mama wa mgonjwa, Chamwino:* Mwanangu daktari, kijana wangu amepona kabisa. Kanisani wanamwambia kuendelea na dawa ni kukosa imani.

Shikamoo mama. Aombewe na dawa ameze, hakuna kinachozuia kingine. Kama ni mara yake ya kwanza kuugua, dawa huendelea angalau miezi 12 baada ya kutulia kabisa, kisha daktari hupunguza kidogo kidogo. Akiacha ghafla anaweza kukaa wiki kadhaa vizuri, mkasema tuliwaambia, halafu ugonjwa ukarudi. Mwombe mchungaji aje naye kliniki siku moja, mimi nitazungumza naye.

*Tabibu, Mpwapwa:* Nina mama anayetumia kabamazepini, ana kijiti cha uzazi wa mpango, na yuko kwenye dawa za VVU zenye dolutegraviri.

Kaka, hapo kuna mambo mawili. Kabamazepini hupunguza nguvu ya kijiti, anaweza kushika mimba akiwa nacho. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi vinamfaa zaidi. Pia hushusha dolutegraviri kwenye damu, hivyo anahitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Piga simu kliniki ya VVU leo, usingoje tarehe yake, na uliza kama kabamazepini yenyewe inaweza kubadilishwa.

*Muuguzi, Bahi:* Sisi kila anayepewa haloperidoli tunampa na Artane. Ni sawa?

Si lazima. Hukausha mdomo, hufunga choo, huvuruga kumbukumbu za wazee, na wapo vijana wanaoitafuta ili walewe. Mpe aliyekaza, kwa muda, kisha jaribu kuipunguza huku ukimtazama. Na kabla ya hapo angalia dozi ya haloperidoli uliyoandika.