Kukadiria pampu na mabomba ya mafuta kwa injini ya turbo iliyoongezwa nguvu

Tuchukue Subaru yenye injini ya EJ20 ya turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada), ambayo mwenyewe anataka itoe nguvu farasi 400 kwa petroli ya kawaida. Mafundi wengi huanza kazi kama hii kwa kutafuta pampu kubwa kuliko zote dukani, ilhali hesabu inapaswa kuanzia kwenye injini yenyewe, yaani kiasi cha petroli itakachokula inapokuwa na mzigo wote.

Injini ya turbo hula takriban gramu 270 za petroli kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Nguvu farasi 400 zinahitaji basi kilo 108 kwa saa, na kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74, tunapata lita 146. Ongeza asilimia 20 ya akiba kwa ajili ya joto, uchakavu wa pampu na filta inayoanza kuziba, ufikie lita 175 kwa saa. Hesabu hii ni ya nguvu inayotoka kwenye injini. Ukiwa na kipimo kilichochukuliwa kwenye magurudumu, kumbuka kurudisha nguvu iliyopotea kwenye giaboksi na difu kabla ya kuzidisha.

Sasa ndipo tuitazame pampu, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu sana, kwa sababu injini nyingi huharibikia hapa. Pampu iliyoandikwa lita 255 kwa saa hutoa kiasi hicho kwa presha fulani na volti fulani, mara nyingi karibu bar 3. Regyuleta ya gari hili, yaani kidhibiti cha presha ya mafuta, huongeza presha hiyo sawasawa na presha ya turbo ili nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini ziendelee kupuliza vilevile. Kwa hiyo presha ya msingi ikiwa bar 3 na turbo ikisukuma bar 1.5, pampu inapambana na bar 4.5, pamoja na upinzani wa filta na mabomba. Kadiri presha inavyopanda, lita hupungua. Soma jedwali la mtengenezaji kwenye bar 5, wala si kwenye bar 3, na uhakikishe kuwa hata hapo pampu inavuka lita 175. Pampu isiyokuja na jedwali la namna hiyo mimi siifungi kwenye injini ya turbo, kwani mafuta yakipungua wakati turbo imejaa, injini hugonga na pistoni hutoboka kabla dereva hajaondoa mguu.

Umeme nao ni sehemu ya kipimo. Pampu inayopata volti 12 badala ya 13.5 hupoteza sehemu kubwa ya mtiririko wake, na waya mwembamba wa kiwandani hauwezi kubeba pampu kubwa bila kupoteza volti njiani. Vuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri na rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme), na ufunge waya wa ardhi wenye unene huohuo.

Kwa mabomba, kumbuka kwamba bomba hupitisha mafuta yote yanayotolewa na pampu, si yale tu yanayochomwa. Zidisha lita kwa saa kwa 0.354, kisha ugawanye kwa kipenyo cha ndani kwa milimita kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Jibu ni mwendo wa mafuta kwa mita kwa sekunde. Lita 255 katika bomba la milimita 8 huenda mita 1.4, jambo ambalo halina shida. Katika milimita 6 mwendo hufika mita 2.5, na mimi sipendi uvuke mita 2. Pampu ikiwa nje ya tangi, bomba la kuvuta linahitaji mwendo usiozidi mita 0.6, yaani karibu milimita 13, la sivyo petroli yenye joto itatoa mvuke kabla ya kufika kwenye pampu. Bomba la kurudisha lisisahaulike: injini ikizunguka polepole bila mzigo, karibu mafuta yote hupitia humo, na likiwa jembamba presha hukataa kushuka hadi bar 3. Mpira wowote unaounganisha uwe wa daraja la R9 (mpira wa petroli unaohimili presha), na ule unaozama ndani ya tangi uwe R10.

Mwisho upime, ukiwa nje penye hewa, injini ikiwa baridi, na kizima moto kikiwa mkononi mwa mtu wa pili. Peleka mpira wa kurudisha kwenye chombo chenye alama za lita, unganisha chaja ili betri ishike volti 13.5, pulizia regyuleta hewa ya bar 1.5 kwenye mpira wake wa vakyumu (ule unaoiletea presha ya turbo), kisha uwashe pampu peke yake kwa sekunde 30. Lita 1.5 au zaidi zinatosha kwa nguvu farasi 400. Zikipungua, pima kwanza volti kwenye vichwa vya pampu yenyewe, kisha kagua filta, na baada ya hapo ndipo uishuku pampu.