Kutafuta kitabu cha Kiswahili katika WorldCat

WorldCat ni katalogi ya pamoja ya maelfu ya maktaba duniani, chini ya shirika la OCLC lililoko jimbo la Ohio, Marekani. Kutafuta kwenye worldcat.org ni bure. Hata hivyo, wanaotafuta vitabu vya Kiswahili humo mara nyingi hutoka mikono mitupu ilhali kitabu kimo. Rekodi zimeandikwa na wakutubi wengi, kila mmoja na tahajia yake, na mbinu za kutafutia zilibuniwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. La Kiswahili hubadilika mbele.

Anzia hapo. Kinyota (*) hushika mwisho wa neno tu, tena baada ya herufi tatu au zaidi. Ukiandika mwalim* utapata mwalimu, walimu hutawaona kamwe. Andika umoja na wingi, ukiviunganisha kwa OR ya herufi kubwa: shairi OR mashairi OR ushairi. Lahaja nazo zina yake, hivyo utenzi OR utendi. Jina linaloweza kuandikwa pamoja au kutenganishwa, kama Mwana Kupona na Mwanakupona, litafute kwa namna zote mbili.

Majina ya waandishi ndiyo yenye mitego zaidi. Shaaban bin Robert, kwa mfano: mkutubi mmoja ataanza na Robert kama jina la ukoo, mwingine ataanza na Shaaban. Ukilifunga jina ndani ya alama za kunukuu, mpangilio wa maneno nao unafungwa, na rekodi iliyogeuzwa inaweza kukupita. Andika au:shaaban AND au:robert, bila alama hizo; au: (author) huonyesha kwamba unatafuta mwandishi. Kwa jina la kitabu tumia ti: badala ya au:.

Unapotafuta kwa mada, geukia Kiingereza. Mada nyingi hufuata orodha ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, na humo lugha yetu ni Swahili, si Kiswahili. Kwa hiyo su:"Swahili poetry" (su: ni mada) itakufikisha mbali kuliko su:ushairi. Kisha punguza matokeo kwa chujio la lugha. Chujio la mwaka liache kwanza: kitabu kilichochapwa upya huwa na rekodi ya kila toleo, na mwaka ulioukariri huenda ni wa toleo jingine.

Ukiwa na ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu, iandike bila vistari. Zilizoanza na 9966 ni za Kenya. 9976 na 9987 ni za Tanzania. Hizo ni za tarakimu 10, za kabla ya 2007. Usijaribu kuigeuza ya zamani kuwa ya tarakimu 13 kwa kuongeza 978 mbele tu, kwani tarakimu ya mwisho hukokotolewa upya. Iandike kama ilivyo kitabuni.

Rekodi ikipatikana, weka mji wako uone maktaba zilizo karibu. Usishangae kitabu kilichochapwa Nairobi kikionekana Washington: Library of Congress ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayonunua machapisho ya eneo hili. Maktaba nyingi za kwetu hazipeleki rekodi zao huko, kwa hiyo kutoonekana WorldCat si ushahidi kwamba Dar es Salaam hakipo. Pitia pia katalogi ya maktaba iliyo jirani nawe.

Na kuonekana si kupatikana. WorldCat husema maktaba fulani ina nakala. Kwamba imeazimwa, imepotea au haitoki nje ya jengo, hilo hulijua maktaba yenyewe. Fungua kiungo chake, unakili namba inayobandikwa mgongoni mwa kitabu, uangalie hali ya nakala. Ikiwa iko mbali, mpelekee mkutubi wako namba ya OCLC iliyo ndani ya rekodi, aulizie kuazimana baina ya maktaba. Ukihitaji sura moja tu, taja kurasa; nakala ya skani hutolewa kwa urahisi kuliko kitabu kizima.