Mtoto Kaanza Nasari, Homa Hazikatiki na Kazi Inakusubiri

"Mtoto ana joto la 38.4, tunaomba uje umchukue." Simu ya nasari huwa fupi hivyo. Wewe uko katikati ya zamu, na katika mji mzima hakuna bibi, shangazi wala binamu wa kumwambia akukimbilie. Watoto wa ughaibuni hawaumwi kuliko watoto wengine. Kinachotuelemea sisi wazazi wao ni kwamba wa kuwauguza tuko wawili tu, na mara nyingi ni mmoja.

Ndiyo maana namwomba kila mzazi aache kuuchukulia ugonjwa wa nasari kama ajali. Utakuja, na utarudi. Mtoto mdogo kwa kawaida hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na anayeshinda na watoto wengi anaweza kufikisha 10 au hata 12. Mengi yanaangukia miezi ya baridi, na kikohozi cha mafua ya mara moja kinaweza kukaa wiki 3, kwa hiyo kuna kipindi utaona kama hajapata siku hata moja ya uzima. Hiyo haimaanishi kinga yake ni mbovu, wala kwamba nasari ni chafu. Mwili wake unakutana na virusi ambavyo haujawahi kupambana navyo. Siku hizo ziweke kwenye mahesabu mapema kama unavyoweka kodi ya nyumba.

Ukiweza, mtoto aanze nasari wiki 2 au 3 kabla hujarudi kazini. Homa ya kwanza mara nyingi huja ndani ya wiki hizo, na ni afadhali ikukute nyumbani. Likizo yako ya mwaka usiimalize yote kwa safari. Bakiza siku kadhaa za kipindi cha baridi. Kisha usome mkataba wa nasari kwa makini kwenye sehemu ya magonjwa: joto la kiasi gani wanampigia mzazi simu, mtoto akae nyumbani muda gani, nani anaruhusiwa kumpa dawa. Nasari nyingi hutoza ada hata siku ambazo mtoto hakwenda. Kulijua hilo mapema kunakuepusha na ugomvi usio na faida.

Nani atakwenda kumchukua?

Swali hili lisijibiwe simu ikishalia. Jumapili jioni wekeni ratiba za kazi za wote wawili mezani, mpitie siku moja baada ya nyingine, na kila siku mwandike jina moja. Jumatatu baba, kwa sababu mama ana zamu asiyoweza kuiacha. Jumanne mama, kwa sababu baba yuko mbali. Homa ikiingia saa tisa usiku hakuna atakayeuliza kazi ya nani ina uzito zaidi. Siku mbaya zaidi huwa zinagawanyika: mmoja anakaa na mtoto hadi mchana, mwingine anapokea na mwenzake anakwenda kazini kwa saa chache.

Hapa nitasema wazi. Katika nyumba zetu nyingi anayeacha kazi kila mara ni mama, hata pale ambapo mshahara wake ndio unaolipa nyumba. Baada ya miezi michache ni yeye anayeonekana kazini kuwa mtu asiyetegemeka. Akina baba, wapeni nasari namba zenu ziwe za kwanza kwa zile siku zilizoandikwa majina yenu, na simu ikiita mpokee.

Mzazi anayelea peke yake anahitaji watu 2 waliokubali kwa maneno yao wenyewe, si watu anaodhani watakubali. Waandikishe nasari kama watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, wakatambulishwe kabla ya dharura. Mara nyingi watu hao hupatikana kanisani, msikitini au kwenye chama cha watu wa kwenu. Ila mtoto anayetapika au kuharisha usimpeleke kwenye nyumba yenye mtoto mwingine mchanga au mzee; hapo msaada mmoja unazaa wagonjwa watatu.

Kazini

Zungumza na msimamizi kabla ya homa ya kwanza. Mwambie mtoto anaanza nasari, kwamba miezi ya mwanzo kutakuwa na siku za ghafla, na kwamba wewe na mwenzako mtapokezana. Siku yenyewe ikifika, ujumbe uwe mfupi na uende mapema: "Mwanangu ana homa na nasari haimpokei. Leo siwezi kuja. Nitakujulisha kabla ya saa kumi jioni kuhusu kesho." Usiseme unaumwa wewe kama anayeumwa ni mtoto. Ikigundulika unapoteza uaminifu, na kwenye nchi kadhaa unakuwa umetumia haki isiyo yako ukaiacha iliyo yako.

Haki zenyewe hazifanani. Sweden mzazi hulipwa takriban asilimia 80 ya mshahara, hadi kiwango fulani, anapobaki nyumbani na mtoto mgonjwa, na siku zinaweza kufika 120 kwa mwaka kwa kila mtoto. Ujerumani, tangu 2024, mzazi aliye kwenye bima ya afya ya umma ana siku 15 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 12, na anayelea peke yake ana 30. Uingereza mwajiriwa ana haki ya kuondoka kwa dharura ya mtoto tangu siku ya kwanza ya ajira, lakini mwajiri halazimiki kulipa, na muda huo ni wa kupanga nani atamuuguza mtoto, kwa kawaida siku 1 au 2. Marekani sheria ya taifa inatoa hadi wiki 12 bila malipo, tena kwa ugonjwa mzito tu, hivyo mafua hayamo. Lakini majimbo kama California na New York yana siku za ugonjwa zenye malipo ambazo unaweza kuzitumia kumuuguza mtoto.

Walioko Uingereza kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri wawe macho zaidi. Siku zisizo na malipo zikizidi jumla ya wiki 4 katika mwaka, udhamini unaweza kukatishwa, ingawa likizo za kisheria kama ya uzazi au ya ugonjwa hazihesabiwi. Weka daftari lako la siku hizo. Usitegemee ofisi ikuhesabie.

Arudi lini?

Mafua na kikohozi kidogo, mtoto akiwa anacheza na anakula, havimzuii kwenda. Homa ndiyo inayomzuia, na nasari nyingi zinataka saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kwa kutapika na kuharisha, kanuni ya Uingereza ni saa 48 tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga, hadi vipele vyote vikauke na kufanya magamba, kwa kawaida siku 5 tangu vitokee. Macho mekundu na ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo huzua ubishi: mwongozo wa afya wa Uingereza hauwafungii nje watoto hao kama hawajisikii vibaya, lakini nasari nyingine huwakataa. Uliza kwa adabu waonyeshe kanuni yao iliyoandikwa.

Najua jaribu la kumpa paracetamol alfajiri ili avuke mlango wa nasari. Usifanye hivyo. Dawa inaisha baada ya saa chache, simu inakuja vilevile, na kufikia hapo ameshawaambukiza wenzake. Antibayotiki nayo haiui virusi, kwa hiyo usimkasirikie daktari aliyekurudisha nyumbani bila dawa. Aspirini asipewe mtoto, na asali asipewe aliye chini ya mwaka 1, hata kwa kikohozi, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta sumu hatari kwa mtoto mchanga.

Kuna hali ambazo kazi haina nafasi tena. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi aonwe na daktari mara moja. Vivyo hivyo anayepumua kwa shida hadi mbavu zinabonyea ndani, anayelegea na kuwa mgumu kuamka, au aliyekaa saa 12 bila kulowesha nepi. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi hayaonekani kirahisi: angalia ndani ya midomo, ndani ya kope, viganjani na kwenye nyayo. Ukiona vidoa, bonyeza juu yake kwa upande wa glasi angavu. Visipofifia, piga simu ya dharura bila kungoja, kwani inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Namba ni 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada.

Mawili mengine yanatuhusu sisi hasa. Mtoto mwenye selimundu (sickle cell) akipata homa ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Na kama mmetoka kutembea nyumbani Afrika Mashariki, hata miezi kadhaa iliyopita, mwambie daktari mwanzoni kabisa: "Tulikuwa kwenye eneo lenye malaria." Daktari wa ughaibuni mara nyingi haitafuti malaria asipoambiwa, na malaria kwa mtoto mdogo haisubiri.

Mwisho, mzazi naye huambukizwa. Waliokulia nchi za joto wengi hawakupata tetekuwanga utotoni, na ukubwani huwa kali, hasa kwa mjamzito. Ikiwa hukumbuki kuugua, muulize daktari kuhusu kipimo au chanjo kabla mtoto hajaanza nasari. Virusi vya kutapika navyo haviondoki vizuri kwa jeli ya mikono yenye spiriti. Vinataka sabuni na maji. Na kama unafanya kazi ya kutunza wazee au wagonjwa, ukianza kutapika zile saa 48 ni zako pia, hata kama wakala anayekupangia kazi anakuomba uingie zamu ya usiku.