Kupoza mwili na kusimamisha damu katika upasuaji wa moyo: hatua kwa hatua

Kijana mmoja wa Makorora anajiandaa kusomea uendeshaji wa mashine ya moyo na mapafu, ile inayoshika kazi ya viungo hivyo wakati wa upasuaji, na jioni nyingi tumekaa naye tukipitia somo hili. Nimeliandika ili na wengine hapa Tanga walipate, hasa wauguzi wanaoandaa wagonjwa wa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kufunga mipira ya kupitisha damu kwenye mashine sielezi, hayo utayakuta darasani.

1. Piga hesabu ya muda

Daktari akitengeneza upinde wa mshipa mkuu, ule unaotoa matawi ya kwenda kichwani, mara nyingi anahitaji pakavu kabisa, pasipo damu inayopita. Katika joto la kawaida ubongo hauvumilii hata dakika tano bila damu. Kila nyuzijoto moja inayoshuka hupunguza mahitaji yake ya oksijeni kwa takriban asilimia 6 hadi 7. Mwili ukifika nyuzi 18 hadi 20, unapata kama dakika 30 za usalama. Ukivuka dakika 40, hatari ya kiharusi hupanda.

2. Weka vipimajoto zaidi ya kimoja

Mimi nataka kimoja nyuma ya pua, karibu na ubongo, na kingine kwenye kibofu. Anayenunua jodari pale soko la samaki la Deep Sea anajua kwamba ngozi ikishika baridi ya barafu, nyama ya ndani bado inaweza kuwa na joto lake. Cha tatu, usichoruhusiwa kukisahau, ni kile kinachosoma damu inayotoka kwenye mashine kurudi kwa mgonjwa.

3. Heparini

Hii ni dawa ya kuzuia damu kuganda: uniti 300 hadi 400 kwa kila kilo. Usianze kuendesha mashine kabla kipimo cha kuganda kwa damu hakijavuka sekunde 480.

4. Poza bila pupa

Angalau dakika 20, hata kama mashine yako ina uwezo wa kufika haraka zaidi. Tofauti kati ya damu inayoingia mwilini na inayotoka isizidi nyuzi 10. Zungushia kichwa vifuko vya barafu vilivyofungwa kwa kitambaa, na linda macho na masikio. Damu ya baridi huwa nzito, ndiyo maana tunaizimua.

5. Simamisha

Daktari akitoa amri, zima pampu, acha damu ishuke kwenye tangi la mashine, kisha bana mpira wa damu inayokwenda kwa mgonjwa. Taja saa kwa sauti, na uitaje tena kila baada ya dakika tano. Saa iwe ya ukutani, inayoonekana na wote, wala si simu mfukoni. Kazi ikitazamiwa kuvuka dakika 30, mimi ni wa upande wa kupeleka damu kichwani kupitia mshipa wa kwapa la kulia: mililita 10 kwa kilo kwa dakika, shinikizo likiwa milimita 40 hadi 60 za zebaki. Ni kazi ya ziada, lakini ubongo haukai na njaa.

6. Pasha joto

Hapa ndipo nakuomba utulie, maana wote mmechoka, kazi ya daktari imekwisha, na kila jicho linakutazama wewe.

Kwanza toa hewa yote kwenye mshipa. Kisha rudisha damu ikiwa bado ya baridi kwa dakika chache kabla ya kugusa joto. Damu ya baridi huyeyusha gesi nyingi. Ukiipasha ghafla gesi hujitenga, ikawa viputo, na viputo hukimbilia kichwani. Kwa hiyo, chini ya nyuzi 30, tofauti kati ya damu inayoingia na inayotoka isizidi 10. Ukishavuka 30, ishushe hadi 4, na usipandishe zaidi ya nusu nyuzi kwa dakika. Kutoka 30 hadi 36 peke yake ni dakika 12 kwa uchache. Ukiambiwa "ongeza", msomee daktari namba, usibishane naye.

Damu inayotoka kwenye mashine isizidi nyuzi 37 hata kidogo. Joto la ubongo linaweza kuwa juu kuliko kipimajoto hicho kinavyosema, na ubongo uliotoka kukosa damu huumizwa na homa ndogo tu.

Tena, pua ikisoma 36 usishangilie. Tazama kibofu. Kikiwa 32, misuli na mafuta bado ni baridi, na ukimtoa mgonjwa kwenye mashine joto lake litashuka tena akiwa wodini: atatetemeka, na damu itachelewa kuganda. Mimi husubiri kibofu kikaribie 35. Muda huohuo pima potasiamu, kalisiamu na sukari.

7. Kabidhi

Moyo wa mgonjwa ukishajitegemea bila mashine, hupewa protamini, dawa inayoondoa nguvu ya heparini. Kwenye karatasi ya makabidhiano andika dakika za kusimama kwa damu, joto la chini kabisa lililofikiwa, na namba za mwisho za joto la pua na la kibofu, kila kimoja kwa jina lake. Mwambie muuguzi wa uangalizi maalumu asiruhusu homa usiku huo.