Maswali ya mtu anayeanza kutumia torenti, na majibu yake

Kabla hujasakinisha chochote shika jambo moja, maana karibu maswali yote ya wageni wa torenti (njia ya watu kugawana mafaili kati ya kompyuta zao) yanazaliwa hapo: ukiwasha programu ya torenti unashusha na kupandisha kwa wakati mmoja, na unafanya hivyo mbele za watu. Kwenye brauza mambo ni mepesi, kuna seva moja sehemu fulani inakumwagia faili mpaka liishe, basi mmeachana. Kwenye torenti hakuna mwenye ghala. Faili limekatwa vipande vidogovidogo, kila kimoja kilobaiti mia kadhaa au megabaiti kadhaa, na hivyo vipande viko kwenye kompyuta za watu wa kawaida kama wewe, kwa hiyo unachukua hiki kwa huyu, kile kwa yule, na huku mwingine ameshaanza kuvuta kwako kipande ulichomaliza sasa hivi hata dakika haijaisha. Mwenye faili zima tunamwita siida, anayeendelea kushusha ni lichi, na wote kwa pamoja ni kundi.

Napster, programu ya kugawana muziki ya 1999, ilikuwa na orodha moja kuu ya nani ana nini, ndo maana mahakama ilipoibana 2001 ikazimika mara moja. Mwaka huohuo Bram Cohen akatoa BitTorrent, mfumo wenyewe wa torenti, na huo ndo tunaoutumia mpaka leo.

Nianze na programu gani?

qBittorrent, iwe uko kwenye Windows, Linux au Mac. Ukitaka nyepesi zaidi chukua Transmission. Zote ni za bure, msimbo wake uko wazi, na hazina matangazo. Zipo nyingine zenye majina makubwa lakini zinakujazia matangazo na vikorokoro usivyoviomba, sioni sababu ya mtu kujitesa. Ingia kwenye tovuti ya programu yenyewe, usibonyeze lile jibu la kwanza la utafutaji lenye alama ya tangazo, na wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza endelea.

Faili la torenti na linki ya magneti vina tofauti gani?

Vyote vinakufikisha kulekule. Faili la torenti ni kijifaili kidogo tu, ndani hamna filamu wala programu, kuna majina ya mafaili, ukubwa wake, alama ya utambulisho ya kila kipande na mara nyingi anwani ya traka, yaani seva inayokutajia nani yuko kwenye kundi. Linki ya magneti inabeba alama moja ya utambulisho ya torenti nzima, mara nyingi na anwani za traka, yale mengine programu inaenda kuwauliza wenzio. Kwa hiyo ukibandika magneti ukaona imekaa inazunguka bila hata kuonyesha ukubwa wa faili tulia, bado inatafuta mtu wa kumuuliza, na kama hakuna aliye hewani itakaa hivyohivyo mpaka uchoke.

Nijaribu na nini?

Jaribu na kitu halali chenye masiida wengi, hapo utajua kama tatizo ni lako au ni la torenti. Debian na Ubuntu wanatoa mifumo yao kwa torenti, LibreOffice pia, na Internet Archive ina mafaili mengi sana ya torenti, vitabu vya zamani, sauti, picha za video. Chukua mojawapo, ubonyeze, programu itafunguka na kukuletea kidirisha. Hapo usikimbilie OK. Angalia folda ya kuhifadhia (wengi wanaachia ile ya kwanza halafu wanashangaa diski ya mfumo imejaa), kisha tazama orodha ya mafaili, kila moja lina kisanduku cha tiki, ukiondoa tiki hilo halishuki. Watu wanashusha mkusanyiko wa GB 40 kwa ajili ya faili moja la MB 300 kwa sababu hawajui hivyo visanduku vipo.

Na kama unahifadhi kwenye flashi ya zamani angalia imefomatiwaje, maana FAT32, fomati ya flashi nyingi za zamani, haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi, torenti itakupa kosa hata kama nafasi imebaki tele.

Hizi namba zina maana gani?

Kwenye safu ya masiida ya qBittorrent utaona kitu kama 3 (41). Ile 41 ya kwenye mabano ni masiida wanaojulikana kuwepo kwenye kundi zima, ile 3 ya nje ni wale uliounganishwa nao wewe sasa hivi. Safu ya malichi inasomwa vilevile. Ukiona 0 (41) na inabaki hivyo muda mrefu, faili lipo, ila wewe ndo hufiki, kagua ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta yako au ruta. Ukiona 0 (0) hiyo torenti imekufa au inapumulia mashine, tafuta nyingine ya kitu kilekile. Halafu zile idadi zinazoandikwa kwenye tovuti za kutafutia torenti usiziamini sana, nyingi ni za zamani, ya kuamini ni inayoonyeshwa na programu yako.

Imeganda 99%, nifanyeje?

Swali hili halichuji. Sababu ya kwanza na ya kawaida: hakuna mtu hata mmoja aliyeunganishwa ambaye ana vile vipande vya mwisho. Ibonyeze hiyo torenti, chini kwenye maelezo ya jumla tafuta namba inayoitwa Availability. Ikiwa 1 kwenda juu, faili zima linapatikana kati yenu, ni suala la kusubiri. Ikiwa 0.98 basi mkikusanya kila alichonacho kila mtu mnapata asilimia 98 tu, na hapo hata ukiwasha na kuzima mara mia haisaidii, mpaka siida mmoja arudi hewani. Watu wote kwenye kundi wanakuwa wameganda palepale kwenye asilimia ileile, utawaona kwenye orodha wamejipanga 98.0, 98.0, 98.0, wote wanasubiri mtu mmoja awashe kompyuta yake.

Sababu ya pili, vipande vinafika vimeharibika. Kila kipande kikifika kinapimwa na ile alama yake ya utambulisho, kisipolingana kinatupwa na kuombwa upya, ndo maana wakati mwingine unakuta umeshusha GB 5.2 kwa faili la GB 5, kitu cha kuzingatia kama unalipia bando. Ukihisi mambo hayaeleweki, labda umeme ulikatika katikati au uliyahamisha mafaili, bonyeza kulia kwenye torenti uchague Force recheck, itapima upya kila kilichopo kwenye diski na kuendelea kuanzia hapo. Usifute ukaanza moja.

Mbona spidi iko chini na intaneti yangu ni nzuri?

Kwanza hakikisha hulinganishi vitu viwili tofauti. Kampuni za intaneti zinauza kwa megabiti, programu inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 20 ikikuonyesha megabaiti 2.5 kwa sekunde imefika mwisho wake, hakuna aliyekuibia.

Pili, na hapa ndo wengi wanajikwaa, ni upande wa kupandisha. Laini nyingi za nyumbani zina njia pana ya kushusha na nyembamba ya kupandisha, sasa ukiacha torenti ipandishe bila kikomo inajaza ile njia nyembamba yote, na kumbe hata kushusha kunaihitaji, kwa sababu kila unachopokea kompyuta yako lazima ijibu kwamba imepokea. Majibu yakikwama foleni hata kurasa za kawaida zinakuwa nzito na watu wa nyumbani wanaanza kukuangalia vibaya. Pima spidi yako ya kupandisha, weka kikomo kwenye kama asilimia 80 yake. Ila usiweke sifuri ukidhani umezima! Kwenye hizi programu sifuri mara nyingi maana yake hakuna kikomo, yaani umefanya kinyume kabisa. Na usiibane mpaka ikawa kilobaiti moja, kwa sababu BitTorrent imetengenezwa kwa mtindo wa nipe nikupe, wenzio wanawapendelea wale wanaowapa vipande, ukiwa mchoyo na wewe unawekwa mwisho.

Tatu ni poti, yaani mlango ambao wenzio wanaupitia kuifikia programu yako. Kama hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje bado utashusha, lakini utategemea wale tu unaowafikia wewe. Washa UPnP (inayoiomba ruta ikufungulie huo mlango yenyewe) kwenye mipangilio ya Connection, na ruta yako ikiikubali inatosha. Kwenye intaneti ya simu hiyo mara nyingi haiwezekani kwa sababu wateja wengi wanachangia anwani moja ya nje, usipoteze usiku mzima ukihangaika nayo.

Kuna watu wananiona?

Ndiyo. Fungua orodha ya waliounganishwa nawe, utaona anwani zao za IP (namba zinazotambulisha laini zao za intaneti), mara nyingi na bendera ya nchi na programu anayotumia kila mmoja. Wao nao wanaona ya kwako hivyohivyo. Wanaolinda hakimiliki wanaingia kwenye kundi kama mtu mwingine yeyote na kunakili anwani, huhitaji kudukuliwa. Ujerumani inajulikana sana kwa barua za mawakili zinazowafikia watu kwa njia hii, na kinachowabana zaidi ni kule kupandisha, maana kisheria umesambaza. Torenti yenyewe sio kosa, kosa linategemea faili na sheria za ulipo. VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, inaficha anwani yako kwa kundi lakini haigeuzi kitu haramu kuwa halali, na ikikatika ghafla programu inaendelea na anwani yako halisi, labda uwe umeifunga qBittorrent itumie VPN tu kwenye mipangilio ya Advanced.

Naweza kupata virusi?

Ndiyo, na ile alama ya utambulisho haikulindi. Inathibitisha kwamba umepata faili lilelile alilolitengeneza mwenye torenti, sasa kama yeye aliweka kirusi umepata kirusi kamili bila dosari. Windows kwa kawaida inaficha vimalizio vya majina, kwa hiyo video.mp4.exe utaiona imeandikwa video.mp4 tu, nenda kwenye mipangilio ya folda uvionyeshe. Video inayokutaka usakinishe kichezeshi maalumu, futa, VLC inacheza karibu kila kitu. Faili la zipu lenye nywila ambayo inabidi ukajaze fomu mahali ndo uipate, futa bila hata kufikiria.

Nikimaliza naweza kufunga?

Unaweza, hakuna wa kukushika. Ila torenti zinaishi kwa wale wanaoacha wazi, kwa hiyo kama huna presha ya bando acha mpaka uwiano ufike 1, yaani umepandisha kiasi kilekile ulichoshusha. Kuna sehemu ya kuiambia isimame yenyewe ikifika hapo. Usiache faili limalize halafu ulihamishe au kulibadilisha jina kutoka nje, programu italipoteza na kupiga kelele za kosa, lihamishe kutokea ndani ya programu kwenyewe. Na siku ya kuitoa kwenye orodha soma kidirisha vizuri, kuna kisanduku kinachouliza kama na mafaili yafutwe pia. Ukikiacha bila tiki torenti inatoka kwenye orodha na faili linabaki kwenye folda yako. Ukikitia tiki vyote vinaenda, na sio lazima vipitie kwenye pipa la taka.